Nani, Nini, Lini? Kiswahili na Makosa ya Mawasiliano katika Usimamizi wa Miradi Thika na Ruiru

Ikisiri

Mradi unapokwama kwa sababu ya mawasiliano, lawama huelekezwa kwa watu: fulani hakusikiliza, fulani hakusoma, fulani alipuuza. Makala haya yanadai kwamba mengi ya makosa hayo huwa yamejificha ndani ya sentensi zenyewe kabla ya mtu yeyote kukosea. Kwa kutumia mifano ya mazingira ya viwanda na ujenzi katika miji ya Thika na Ruiru, makala yanabainisha vipengele vitano vya matumizi ya Kiswahili vinavyozua utata kazini: saa na siku, mtenda asiyetajwa, jibu la "ndiyo", vitenzi vinavyokaribiana kwa sauti, pamoja na vipimo na istilahi. Kisha yanajadili mawasiliano baina ya mradi na umma kwa kurejelea ujenzi wa Barabara Kuu ya Thika. Mwisho, yanapendekeza njia nyepesi za kuepuka makosa hayo na kuonyesha nafasi ya mwanafunzi wa Kiswahili katika kazi hiyo. Mazungumzo yote yaliyotolewa kama mifano yametungwa kwa ajili ya uchambuzi na hayahusu kiwanda chochote mahususi.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii hufasiriwa kama onyo dhidi ya wingi wa viongozi. Hata hivyo, chombo chenye nahodha mmoja tu kinaweza kwenda mrama vilevile, iwapo neno la nahodha huyo halimfikii mshika usukani kama lilivyotoka kinywani mwake.

Mradi ni kazi yenye mwanzo na mwisho, lengo lililotajwa na bajeti iliyowekewa mipaka. Kufunga mtambo mpya kiwandani ni mradi. Kuuendesha mtambo huo kila siku baada ya hapo si mradi bali ni shughuli ya kawaida. Tofauti hii ina uzito mkubwa katika suala la lugha. Katika shughuli ya kawaida watu wamezoeana. Msimamizi akisema "fanya kama jana", mfanyakazi anajua jana kulifanywa nini. Mazoea huziba pengo lililoachwa na sentensi. Katika mradi, kinyume chake, hukutanishwa watu ambao hawajawahi kufanya kazi pamoja: mhandisi, mkandarasi, mafundi wa kuchomelea, madereva, vibarua wa siku moja na wenyeji wa mtambo. Hawana jana ya pamoja. Kilichopo baina yao ni maneno tu, na neno lenye maana mbili hupata wasikilizaji wa kuligawana.

Kwa sababu hiyo, makala haya yanalichukulia kosa la mawasiliano mradini kuwa suala la isimu kabla ya kuwa suala la nidhamu. Swali linaloongoza mjadala ni hili: ni wapi hasa ndani ya Kiswahili kinachozungumzwa kazini ambapo ujumbe hupotea, na unaweza kuokolewaje?

2.0 Mazingira ya Lugha katika Thika na Ruiru

Mji wa Thika, ulio kaskazini-mashariki mwa Nairobi, umeitwa kwa miaka mingi "Birmingham ya Kenya" kwa sababu ya viwanda vyake. Humo hutengenezwa mafuta ya kula, nguo, mikate na kemikali, na pembezoni mwake husindikwa mananasi. Ruiru, katika barabara iyo hiyo ya kuelekea Nairobi, nayo ina viwanda vya maziwa, chuma na nyuzi, na katika miaka ya karibuni imekuwa uwanja mpana wa ujenzi wa nyumba. Miji hiyo miwili imo katika Kaunti ya Kiambu.

Mahali hapa pana lugha nyingi zinazofanya kazi kwa zamu. Gĩkũyũ ndiyo lugha ya wenyeji wengi. Kikamba hakiko mbali, kwani Kaunti ya Machakos inapakana na eneo hili. Nao wafanyakazi kutoka magharibi mwa Kenya, Nyanza na pwani wameleta lugha zao. Michoro, mikataba na barua za mradi huandikwa kwa Kiingereza. Amri za papo kwa papo hutolewa kwa Kiswahili. Ushauriano wa mafundi wawili kando ya mtambo hufanywa kwa lugha ya mama au kwa Sheng.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, katika miradi mingi lugha hizo mbili hazikutani katika karatasi moja. Ujumbe huzaliwa kwa Kiingereza ofisini, hutafsiriwa kwa Kiswahili na msimamizi akiwa amesimama juu ya rundo la mchanga, kisha hutafsiriwa tena na fundi kwa msaidizi wake. Tafsiri hizi hufanywa bila maandalizi, bila istilahi zilizokubaliwa na bila mtu wa kuzihakiki.

3.0 Misingi ya Nadharia

Mjadala huu unaegemea mawazo mawili yanayofahamika kwa wanafunzi wengi wa isimu. La kwanza ni kielelezo cha mawasiliano cha Shannon na Weaver (1949), ambacho humwonyesha mtumaji, ujumbe, njia, mpokeaji, na baina yao kelele. Kelele katika kielelezo hicho ni chochote kinachouharibu ujumbe njiani. Katika kiwanda, neno hili huacha kuwa sitiari: kelele ni ngurumo halisi ya mashine.

La pili ni kanuni ya ushirikiano ya Grice (1975), yenye vipengele vinne: kiasi, ubora, uhusiano na namna. Msemaji mwenye ushirikiano hutoa habari za kutosha, za kweli, zinazohusu jambo lililopo, tena kwa uwazi. Makosa yanayojadiliwa hapa huvunja zaidi vipengele vya kiasi na namna: ama habari ni pungufu, ama zimesemwa kwa njia yenye utata. Ni nadra kumkuta mtu mradini anayekusudia kudanganya. Wengi husema kweli ambayo haitoshi.

4.0 Makosa Matano ya Kawaida

4.1 Saa na siku

Saa ya Kiswahili huhesabiwa kuanzia macheo na machweo. Saa mbili asubuhi ndiyo inayoandikwa 8:00 katika saa ya Kiingereza. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anajua hivyo. Kinachosahauliwa ni kwamba katika mradi mifumo hii miwili hutumiwa siku moja na watu wale wale. Ratiba iliyochapishwa husema 8:00. Mtu anayeisoma kwa sauti harakaharaka husema "saa nane". Aliyesikia "saa nane" hujiandaa kwa ajili ya mchana.

Tuchukue mfano wa zege linaloletwa kwa lori. Zege lililokwisha kuchanganywa haliwezi kungoja. Kwa kawaida hutakiwa kumiminwa ndani ya muda wa saa mbili hivi tangu lichanganywe. Lori likifika asubuhi ilhali vibarua wameambiwa waje alasiri, zege hilo litagandia ndani ya lori au litamwagwa. Hasara hii haikuletwa na uvivu wa mtu. Imeletwa na tarakimu iliyosomwa katika mfumo mmoja na kusikika katika mwingine.

Siku nazo zina utata wake. Katika hesabu ya jadi ya Waswahili, siku huanza magharibi. Hivyo usiku wa Jumatatu ni ule unaotangulia mchana wa Jumatatu. Wasemaji wengi wa bara leo hukusudia usiku unaoufuata mchana huo. Kazi za kuzima mitambo ili kuifanyia matengenezo hupangwa aghalabu usiku au mwishoni mwa juma. Agizo la "kuzima umeme usiku wa Jumapili" laweza basi kutekelezwa na watu wawili katika nyakati mbili zilizopishana kwa saa 24. Kiswahili chenyewe kina dawa ya tatizo hili: "usiku wa kuamkia Jumatatu" ni kauli isiyoweza kufasiriwa kwa namna mbili.

Zaidi ya hayo kuna kielezi "mara moja", ambacho humaanisha "bila kukawia" na pia "safari moja tu". "Bonyeza kitufe mara moja" ni amri ya haraka au ya idadi? Muktadha husaidia, lakini anayeshika mtambo kwa siku ya kwanza ndiye mwenye muktadha mdogo kuliko wote. "Bonyeza sasa hivi" na "bonyeza mara moja tu, usirudie" ni sentensi zinazojitosheleza.

4.2 Mtenda asiyetajwa

Kauli ya kutendwa inampa msemaji wa Kiswahili uwezo wa kumficha mtenda bila kuvunja kanuni yoyote ya sarufi. "Mabomba yatakaguliwa kesho." Sentensi hii ni sanifu na ina adabu. Kumbukumbu za mikutano zimejaa sentensi za aina hii, kwa kuwa mwandishi hapendi kuonekana anamwamrisha mtu. Hata hivyo, sentensi hii haina mwenye kazi. Kesho ikifika, kila aliyekuwa mkutanoni anaweza kuamini kwa dhati kwamba mwenzake amekwenda kukagua.

Nafsi ya kwanza wingi nayo huleta shida ya aina hiyo hiyo. Kiambishi "tu-" hakibainishi iwapo msikilizaji ni miongoni mwa watendaji au la. Mkandarasi akimwambia meneja wa kiwanda, "Tutaondoa mashine ya zamani ifikapo Ijumaa," anaweza kuwa anakusudia "sisi wakandarasi" au "sisi na ninyi pamoja". Zipo lugha duniani zenye viwakilishi viwili tofauti kwa maana hizo mbili. Kiswahili kina kimoja. Meneja hungoja mkandarasi alete winchi, naye mkandarasi hungoja kiwanda kitoe winchi yake. Ijumaa inafika mashine ikiwa pale pale, na kila upande una hakika kwamba umedanganywa.

Tiba ya kosa hili haihitaji msamiati mpya. Inahitaji mtenda atajwe: "Fundi wa zamu ya usiku atakagua mabomba ya chumba cha boila kesho kabla ya saa nne asubuhi, kisha atampigia simu msimamizi." Sentensi ni ndefu zaidi, lakini inajibu maswali matatu ambayo mradi hauwezi kuendelea bila majibu yake: nani, nini, lini.

4.3 "Ndiyo" na "sawa"

Tuyatazame mazungumzo haya baina ya mhandisi kijana na fundi mwenye umri mkubwa:

Mhandisi: Mzee, hujafunga mvuke?
Fundi: Ndiyo, injinia.
Mhandisi: Haya, asante. (Anaondoka.)

Katika Kiswahili, "ndiyo" huthibitisha kauli iliyoulizwa, hata kama kauli hiyo ni kanushi. Fundi amejibu kwa usahihi: ndiyo, sijafunga. Lakini mhandisi aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu utotoni huwa amezoea mfumo ambao jibu hufuata hali ya mambo na si umbo la swali. Amesikia: ndiyo, nimefunga. Wote wawili ni wasemaji hodari wa Kiswahili, na wote wawili wameondoka wakiwa wameridhika. Mvuke ungali wazi, na mtu wa tatu, ambaye hakuwapo katika mazungumzo hayo, ndiye atakayefungua mfuniko wa bomba.

Njia ya kuepuka hatari hii ni kuacha kabisa kuuliza maswali kanushi kazini, na kuuliza maswali yasiyojibika kwa "ndiyo" wala "hapana". "Mzee, mvuke uko katika hali gani sasa?" Swali hili humlazimu mjibuji kutoa habari.

Neno "sawa" lina kasoro nyingine. "Sawa" huweza kumaanisha "nimekuelewa", "nimekubali", "nimekusikia" au "tafadhali tuyamalize". Kwa mtazamo wa adabu, kumjibu mkubwa kwa "sawa" ni heshima. Kumwuliza tena ni kama kumwambia kwamba hakueleza vyema. Fundi mzee hapendi kuuliza mbele ya vibarua, asije akaonekana hajui kazi yake. Kibarua naye hathubutu kuuliza, kwa kuwa hulipwa kwa siku na hana hakika ya kuitwa kesho. Waswahili husema kuuliza si ujinga, lakini mahali ambapo swali laweza kumgharimu mtu kibarua chake, methali hiyo haina nguvu peke yake. Ni juu ya mwenye mamlaka kufanya kuuliza kuwe sehemu ya kazi. Akisema, "Hebu nirudishie nilivyokueleza, nihakikishe kwamba mimi sikuacha kitu," anauhamisha mzigo wa kosa kutoka kwa msikilizaji na kuubeba mwenyewe. Heshima ya msikilizaji inabaki salama, na ujumbe unapata kuhakikiwa.

4.4 Funga na fungua

Unyambuaji wa vitenzi ni utajiri mkubwa wa Kiswahili. Kauli ya kutendua hugeuza maana ya kitenzi kuwa kinyume chake kwa sauti chache tu: ziba na zibua, tega na tegua, funga na fungua. Darasani jambo hili hufurahisha. Karibu na boila, au chini ya winchi inayonguruma, ni jambo la kutahadhari, kwa sababu amri mbili zilizo kinyume kabisa zimetenganishwa na irabu moja tu. "Funga valvu!" "Fungua valvu!" Mtu aliye mita 20 mbali, masikio yake yakiwa yamezibwa ili kuyakinga na kelele, husikia mwanzo wa neno na mwisho wake tu. Mwanzo ni "fung-" katika yote mawili, na mwisho ni "-a".

Hapa ndipo kielelezo cha Shannon na Weaver kinapothibitika waziwazi. Kelele haiwezi kuondolewa. Basi ujumbe hauna budi kujengwa kwa namna ya kuistahimili. Timu ya mradi yaweza kukubaliana kabla ya kazi kuanza kwamba amri za mbali zitatumia maneno yasiyofanana, kwa mfano "zima" na "achilia", yakiambatana na ishara ya mkono, na kwamba hakuna amri itakayotekelezwa kabla aliyeipokea hajairudia. Uteuzi wa maneno hayo ni kazi ya sajili: kila kundi la wafanyakazi huunda lugha yake, lakini katika mradi wa majuma mawili hakuna muda wa lugha hiyo kujiunda yenyewe. Haina budi kuundwa kwa makusudi.

4.5 Vipimo na istilahi

Michoro ya kihandisi hutumia milimita na mita. Mafundi wengi husema futi na inchi. Mbao hununuliwa kwa futi, na viwanja vya Ruiru hutangazwa kuwa "50 kwa 100" bila hata kutajwa kwamba ni futi. Mtu anaposema "weka nafasi ya tatu", je, ni futi tatu au mita tatu? Mfano mashuhuri wa kosa la vipimo hutoka mbali na Thika. Mwezi wa Septemba mwaka 1999, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mirihi, kwa kuwa kundi moja lilitoa takwimu kwa vipimo vya Kiingereza na jingine likazipokea kana kwamba ni za metriki. Waliohusika walikuwa wataalamu waliobobea. Kilichokosekana ni jina la kipimo kando ya tarakimu.

Istilahi nazo hutatanisha. Mashine moja yaweza kuitwa kwa jina la Kiingereza katika mkataba, kwa jina la kampuni iliyoitengeneza katika vinywa vya mafundi, na kwa jina la utani katika zamu ya usiku. Mwandishi wa barua ya mradi asidhani kwamba "pampu kubwa" inaeleweka, hasa kiwandani kwenye pampu nne. Orodha fupi ya majina, ikiwa na neno la Kiingereza, la Kiswahili na lile linalotumiwa na mafundi, yaweza kubandikwa ukutani siku ya kwanza ya mradi. Haihitaji kusubiri kamusi.

5.0 Mradi na Umma: Barabara Kuu ya Thika

Makosa yaliyojadiliwa hadi hapa hutokea ndani ya mradi. Lakini mradi una wasikilizaji wengine wasiolipwa na yeyote: watu wanaoishi kando yake. Mfano mkubwa kuliko yote katika eneo hili ni ujenzi wa Barabara Kuu ya Thika, yenye urefu wa takriban kilomita 50 kutoka Nairobi. Kazi ilianza mwaka 2009, na barabara ikafunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki tarehe 9 Novemba 2012. Fedha zilitoka kwa Serikali ya Kenya, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Exim ya China. Ujenzi uligawanywa kwa kampuni tatu za Kichina: China Wu Yi, Shengli na Sinohydro.

Ukiutazama mradi huo kwa jicho la mwanaisimu, unaona mnyororo mrefu wa lugha. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikuwa na makao yake ya muda Tunis wakati huo. Wahandisi wa makandarasi walizungumza Kichina. Mikataba iliandikwa kwa Kiingereza. Vibarua walizungumza Kiswahili, na mama mwenye kibanda cha mboga kando ya barabara huko Ruiru au Juja alizungumza Gĩkũyũ na Kiswahili. Habari iliyoamua mahali kibanda chake kingekuwa mwezi ujao ilikuwa katika mwisho mwingine wa mnyororo huo.

Sheria haikumsahau kabisa mama huyu. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira zilizotolewa nchini Kenya mwaka 2003 ziliagiza kwamba mwenye mradi unaofanyiwa utafiti wa athari abandike mabango mahali pa wazi, atangaze katika gazeti linalosomwa nchi nzima kwa majuma mawili mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na kufanya mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathiriwa. Zilitaka pia kuwe na mtu wa kupokea na kunakili maoni ya mdomo na ya maandishi, pamoja na tafsiri zake. Kwa maneno mengine, sheria ilikwisha kutambua kwamba tafsiri ni sehemu ya ujenzi wa barabara.

Ugumu umo katika utekelezaji. Mkutano wa baraza unaweza kufanyika, mahudhurio yakanakiliwa na picha zikapigwa, lakini wananchi wakaondoka bila kujua kituo cha matatu kitahamia wapi. Mwaka 2012, Muungano wa Vyama vya Wakazi Kenya, KARA, kwa ushirikiano na watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, ulitoa ripoti kuhusu maoni ya jamii zilizo kando ya barabara hiyo; haja ya wakazi ya kupewa habari na kushirikishwa ilikuwa miongoni mwa masuala yaliyojitokeza. Barabara ilipunguza muda wa safari na kupandisha thamani ya ardhi Ruiru na Juja. Wakati huohuo iliwakuta watembea kwa miguu waliozoea kuvuka barabara nyembamba wakikabiliwa na magari ya kasi katika njia nyingi. Kivuko cha juu ni chuma na zege, lakini ni ujumbe pia: kinasema "vuka hapa". Ujumbe huo usipotangulia kasi ya magari, au ukiwekwa mbali na mahali watu wanapoelekea, hautapokewa.

Kosa la kuepukwa hapa ni kuchukulia kwamba kutangaza ni sawa na kuwasiliana. Tangazo hukamilika linapotolewa. Mawasiliano hukamilika mpokeaji anapoweza kutenda kutokana na alichokisikia.

6.0 Njia za Kuepuka Makosa

Kutokana na uchambuzi huu, mambo yafuatayo yanapendekezwa kwa yeyote anayesimamia mradi, uwe mkubwa au mdogo:

(a) Kila agizo lijibu maswali matatu: nani, nini, lini. Likikosa moja, halijakamilika.

(b) Saa itajwe pamoja na kipindi cha siku, na iandikwe katika mifumo yote miwili: "saa mbili asubuhi, yaani 8:00". Usiku utajwe kwa siku mbili unazozigusa.

(c) Maswali kanushi yaepukwe. Aliyepokea agizo alirudie kwa maneno yake mwenyewe.

(d) Amri za mbali zichaguliwe mapema, na maneno yanayokaribiana kwa sauti yasitumiwe.

(e) Kila tarakimu iandamane na kipimo chake, na kila mtambo uwe na jina moja lililokubaliwa.

(f) Kumbukumbu za mikutano ziandikwe pia kwa Kiswahili na zisomwe kwa sauti kabla ya watu kutawanyika.

(g) Umma uambiwe kitakachobadilika, tarehe yake na mtu wa kuulizwa, kwa lugha unayoitumia sokoni.

Ili kuonyesha tofauti, na tulinganishe maagizo mawili. La kwanza: "Boila itazimwa Jumapili usiku na mabomba yatasafishwa mara moja." La pili: "Msimamizi wa zamu atazima boila usiku wa kuamkia Jumatatu, saa nne usiku, yaani 22:00 Jumapili. Mafundi wawili wa mkandarasi wataanza kusafisha mabomba saa kumi na mbili asubuhi, yaani 6:00 Jumatatu, baada ya msimamizi kutia sahihi kwamba mvuke umekwisha." La kwanza lina maneno machache na hatari nyingi. La pili lingechukua nusu dakika zaidi kuandikwa.

Mapendekezo haya hayategemei hiari peke yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 9, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi asiyeielewa lugha ya mkataba yaliyomo kwa lugha anayoielewa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huohuo inamtaka mwenye mahali pa kazi atoe habari, maelekezo na mafunzo yanayohitajika kwa usalama wa wafanyakazi. Maelekezo yasiyoeleweka hayawezi kuhesabiwa kuwa yametolewa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba makosa mengi ya mawasiliano katika miradi yana anwani inayojulikana ndani ya lugha: katika saa, katika kauli ya kutendwa, katika kiambishi "tu-", katika jibu la "ndiyo", katika kauli ya kutendua na katika tarakimu isiyo na kipimo. Haya ni mambo yanayofundishwa katika mihadhara ya sarufi na pragmatiki. Mhandisi hakufundishwa. Mwanafunzi wa Kiswahili amefundishwa, lakini mara nyingi hupewa sentensi za kuchambua ambazo hakuna anayeziishi.

Barabara itokayo Nairobi kwenda Thika hupita langoni mwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, hupita Juja kulikojengwa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, na kuishia mjini ambako milio ya viwanda huwaita watu kazini alfajiri. Wasomi wa Kiswahili hupita kando ya viwanda hivyo kila juma. Utafiti wa lugha ya kazini, utungaji wa orodha za istilahi za mafundi na uandishi wa maelekezo ya usalama kwa Kiswahili sanifu ni mada za tasnifu zinazongoja mwenyewe. Ni vyema idara za Kiswahili zifikirie kuwapeleka wanafunzi viwandani kwa ajili ya utafiti wa nyanjani, kama wanavyopelekwa kukusanya fasihi simulizi vijijini.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa unaozungumziwa hapa una upana wa irabu moja, ile inayotenganisha "funga" na "fungua", na upande wa pili wake yupo mtu aliyeingiza mkono ndani ya bomba kwa sababu aliambiwa ni salama.